Gundi Inayokubali Kuachia

Bilele, Bukoba
Alasiri, kabla hujarudi kutoka Maruku

Kemilembe mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekusikia ukigombana na jogoo wa jirani mpaka nikajua u mzima kabisa. Mimi nami ni mzima, ukiacha yale unayoyajua. Nimekaa mezani kwangu dirishani, mvua imeanza tena, na mama yako nimemwambia asiniletee mteja yeyote leo. Nisamehe kwa herufi hizi kubwa kama za tangazo la mnada. Mstari wa kalamu ya kawaida siuoni vizuri, kwa hiyo nimechukua ile makapeni uliyoandikia maboksi yako.

Unajua mimi si mtu wa barua. Lakini nikikuambia kwa mdomo utanijibu, na ukianza kunijibu mimi hushindwa. Hukuanza leo. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, basi soma mpaka mwisho, ndipo ubishe.

Habari za kula, za kuvaa sweta, za kutopokea soda kwa mtu usiyemjua ndani ya basi, hizo atakupa mama yako, na atazirudia mpaka stendi. Mimi nataka tuongee habari za gundi.

Usicheke. Ninajua umeikusudia safari ya Dodoma ukajifunze ufundi wa darubini na mashine za hospitali, na huko watakufundisha mambo makubwa kuliko kamera kuukuu za baba yako. Lakini katika maisha yangu nimekosea sana, na makosa yangu mengi yana harufu ya gundi. Mwingine angekuandikia habari za pombe au za wanawake. Mimi hizi ndizo nilizo nazo.

Nilipoanza ufundi hapa Bilele hujazaliwa. Nilikuwa nimetoka kufanya kazi studio, nikisafisha picha kwenye chumba cha giza, nikajiona naijua kamera yote. Mtawa mmoja akaniletea ya kwao. Kidirisha cha kuchungulia kilikuwa kimedondoka, kile kioo kidogo cha mbele ambacho mpiga picha hulengea. Kioo chenyewe alikuwa nacho, amekifunga kwenye leso. Walikuwa na jubilei Jumapili. Nikamwambia, "Sista, hii kazi ya kufumba na kufumbua." Nikachukua supagluu, nikapaka pembeni kote, nikakibandika, nikaifunga kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, nikalala usingizi wa fundi mkuu.

Asubuhi nafungua, loo! Kioo kimekuwa cheupe kama cha dirisha la choo. Sikujua kwamba supagluu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hukaa juu ya kioo. Mbele ungeweza kuufuta. Nyuma hapafikiki bila kukitoa kioo, na muda wa kukitoa sina, sista yuko mlangoni. Akachungulia. "Fundi, mbona naona ukungu?" Nikamjibu, bila hata kumeza mate, kwamba ni unyevu wa ziwa, utakauka wenyewe.

Akaniamini. Wakapiga picha za jubilei kwa kubahatisha, na zilipokuja kusafishwa, nusu ya masista hawana vichwa. Alinionyesha mwenyewe, akicheka, masikini, akidhani ni mkono wake mbaya. Sikumwambia. Mpaka leo nikipita karibu na kanisa lao huwa naharakisha.

Hilo ni kosa la haraka na la uongo. La pili lilinikaa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Unamkumbuka Mzee Leopold wa Kishanda, yule mkulima wa kahawa aliyekuwa akituletea parachichi? Mara ya kwanza alipokuja na kamera yake, kidirisha kilikuwa kimebandikwa na kitu cheusi cheusi sijawahi kukiona. Nikamuuliza ni gundi gani hii. Akaona haya.

"Ni mama watoto," akasema. "Aliona fundi yuko mbali. Amebandika kwa utomvu wa mgomba."

Mawe, mama wee! Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia, "Mzee, kamera si tiara ya watoto." Na kweli, sisi sote tuliokulia kibanjani, kwenye migomba na kahawa, tuliunganisha tiara zetu kwa utomvu huo, na mashati yetu yakaharibika nao, na tukachapwa kwa ajili yake. Mzee naye akacheka. Kisha akaniambia, "Basi wewe weka gundi ya kiume. Isiachie hata nikifa."

Nami nikaweka. Nilikuwa na ile ya mirija miwili, unakamua huku na huku, unachanganya, ikishika imeshika. Nikaijaza ukingoni kote, si kwa tone bali kama fundi wa ukuta anavyojaza udongo. Nikamkabidhi nikimwambia ajaribu kukitoa kwa ukucha. Akajaribu. Kikagoma. Tukapeana mikono, kila mmoja amefurahi.

Mwanangu, huku kwetu tunapenda sana kitu kisichoachia. Mtu anasifiwa kwa kushika. Anashika neno, anashika kibanja cha baba yake, anashika kinyongo pia. Ndiyo maana wateja wote husema hivyohivyo, "Fundi, isiachie." Na mimi sikuwahi kujiuliza, ikihitajika iachie je?

Ikahitajika. Baada ya masika kadhaa Mzee Leopold akarudi. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya kamera, na ukungu umeota nyuma ya kile kioo, nyuzi nyuzi. Si tatizo kubwa. Unatoa kidirisha, unafuta, unarudisha. Lakini kidirisha changu hakikutoka. Nilijaribu spiriti, nikajaribu joto, nikajaribu wembe. Mwishoni nikasikia tak! Kioo kimepasuka, na kipande kimeangukia ndani, kimekwaruza kile kioo chembamba cha ndani kinachorudisha taswira. Hicho hakina spea popote. Kamera ile haikulenga tena.

Nikaenda Kishanda mwenyewe kumwambia. Nilimkuta uani akigeuza kahawa kwenye mkeka. Nikafungua mdomo, akanizuia kwa mkono. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, maana mgeni hasemi shida yake kabla ya kutafuna. Nikatafuna, waitu mwanangu, nikatafuna mpaka hakukuwa na kitu mdomoni. Kisha nikamweleza.

Akaigeuza kamera mkononi. "Na ule utomvu wa mama watoto ungeachia?"

"Ungeachia kwa maji ya vuguvugu."

Akamwita mkewe aje asikie. Yule mama akaja na jembe mkononi, akasikiliza, hakucheka wala hakujivuna. Akasema tu, "Mimi niliweka kidogo, ili fundi akija asipate shida."

Mzee hakunigombeza. Alisema, "Mimi ndiye niliyetaka isiachie. Tumekosa wawili." Kisha akanikatia mkungu wa ndizi niwapelekee ninyi. Nilitamani anitukane. Ule mkungu niliubeba mapajani mpaka Bukoba na sikuweza kuula. Mama yako aliupika, nikasema tumbo linauma.

Tangu siku ile nikishika gundi najiuliza kwanza, nani atakifungua baada yangu? Sikuanza kuwa na hekima kwa kuulizwa na kitabu. Niliulizwa na mama mwenye jembe.

Halafu ukaja wewe na kucha zako.

Ulikuwa sekondari, likizo, unakaa kwenye kile kigoda unaniangalia nikihangaika kutafuta gundi inayoshika na kuachia. Ya viatu ilikuwa inaacha nyuzi. Ukatoka, ukarudi na chupa ya rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Nikakufokea. "Tangu lini kamera ikapakwa kucha? Hii ni meza ya kazi, si saluni!" Ukaniambia, sitasahau ulivyosimama, mkono kiunoni kama mama yako, "Jaribu kwenye kioo kibovu, tata. Kisipotoka kwa dawa ya kufutia, nitaosha vyombo likizo nzima."

Tone moja kila pembe, kwa kijiti cha meno. Kikashika. Kesho yake ukagusa kwa pamba yenye dawa ya kufutia, kikaachia taratibu, safi, kama hakijawahi kubandikwa. Na vyombo nikaosha mimi, maana mama yako alikuwa amesikia mapatano akiwa jikoni na akaamua aliyeshindwa alipe.

Nikalewa kwa furaha. Wiki ileile nikaichukua rangi yako ya kucha nikaipaka kwenye kidirisha cha plastiki. Ikakila! Kikakunjamana ukingoni kama ngozi ya maziwa. Ukaja, ukatazama, hukusema "nilikuambia." Uliuliza tu, "Tata, ulikiuliza ni kioo au plastiki?" Ndipo tukaihamia gundi nyeupe ya mbao kwa vile vya plastiki, inayoanza nyeupe ikaishia kuonekana kama maji, na inayokubali kuoshwa. Kwa mvua hizi za Bukoba inachukua muda wake kukauka, na wateja wanalalamika, na wewe ukawa unawajibu kwa upole ambao mimi sina. Nilikuwa mwalimu wako mpaka siku ile. Baada ya hapo tulikuwa mafundi wawili.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Jicho la kushoto unajua limezima. La kulia limebaki katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye kidirisha siku nzima. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone ni ya kulinda kilichobaki. Haya yote unayajua, ulikuwepo. Usilojua ni kwamba kwa jicho moja siwezi tena kujua kijiti kiko mbali kiasi gani na kioo. Nadhani nimegusa, kumbe niko hewani. Nadhani niko hewani, kumbe nimepaka katikati. Nilikuficha kwa kukupa wewe kila kazi ya kidirisha, nikijifanya nakufundisha uvumilivu.

Na nikawa nakusifu. Mteja akiingia, kabla hajakaa, namwambia, "Huyu ndiye macho yangu. Asingekuwepo huyu ningefunga duka." Nilikuwa nasema kwa sauti, nawe upo palepale na kioo mkononi. Ni kweli nilijivunia. Lakini sifa ile ilikuwa na kazi nyingine, Kemi, na mimi niliijua. Barua yako ya chuo ilipokuja, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Na hizi kamera?" Umeniona nikitabasamu baadaye, lakini hilo ndilo neno lililotoka kwanza, na uso wako ulibadilika. Hilo niliweza kuliona vizuri sana.

Juzi ulikuwa jikoni na mama yako, mnamenya ndizi. Mlidhani nimelala. Watu wanasahau kwamba anayepungukiwa macho hapungukiwi masikio. Nilikusikia ukimwambia umepiga simu chuoni kuuliza kama wanaweza kukushikia nafasi mpaka mwakani. Mama yako akakujibu, "Mwulize baba yako." Nawe ukasema, "Tata atasema nenda, lakini hatamaanisha."

Nililala pale na maneno hayo. Sikuwa na hasira. Nilitafuta pa kukukosoa nikakosa. Hukukosea hata herufi moja.

Kwa hiyo nataka nikuambie jambo ambalo litakuudhi, na una haki ya kuudhika. Matone yangu ya macho, yale unayonitilia kila jioni baada ya chakula, naweza kujitilia mwenyewe. Nimeweza siku zote. Nainamisha kichwa, naegemeza mkono kwenye shavu, basi. Asubuhi ukiwa bado umelala nani unadhani hunitilia? Jioni nilikuwa nakuita kwa sababu nilipenda unapoweka mkono wako kwenye paji la uso wangu na kuniambia, "Usipepese, tata." Nilipenda, na nikaona pia kwamba jioni zile zimekufanya usiende kwaya, usiende kwa rafiki zako, na sasa karibu usiende chuo. Nikaendelea kukuita. Nilikujaza gundi ukingoni kote, mwanangu, kama kioo cha Mzee Leopold, huku najua vizuri kilichompata.

Jana mchana nilijaribu kubandika kidirisha peke yangu, ile kamera iliyotoka Mwanza kwa basi. Nilitaka nione. Tone la kwanza likaangukia meza. La pili nadhani lilikaa. La tatu likaanguka katikati ya kioo, nikajaribu kulifuta, nikalitandaza lote. Wewe ulikuwa uani unacheka na mama yako habari za yule jogoo. Jina lako lilinifika mdomoni. Ungeingia, ungesema "hebu niachie, tata," na kazi ingekuwa imekwisha. Nikalimeza. Nikakaa na kamera yangu iliyochafuka mpaka mkarudi ndani, na nilipoulizwa nikasema nilikuwa nasinzia. Leo asubuhi nimemwomba kijana wa stendi airudishe kwa mwenyewe, na nimempigia simu mwenyewe kumwambia kweli: macho yangu hayawezi tena kazi hiyo. Akanishukuru kwa kumwambia. Sikutegemea kushukuriwa. Na nikajua kumbe hata yule sista ningeweza kumwambia, miaka yote ile.

Nilizobaki nazo za vidirisha nitazirudisha hivyohivyo. Kamera za kusafisha tu, za kubadilisha ngozi, hizo mikono yangu inazijua bila macho, nitaendelea nazo. Vidirisha basi. Mama yako anajua, tumeongea. Alilia kidogo, akaniambia ningemwambia mapema, akaenda kuchambua maharage. Hatutakufa njaa. Kibanja kipo, na mama yako yupo, ambaye wewe unajua ana nguvu kuliko sisi wawili.

Sitaki uende ukidhani nimekupa kazi ya kurudi na dawa ya macho yangu. Wala usinirudie kila likizo kwa sababu ya huruma. Rudi ukitaka kurudi. Ukipata kazi huko, fanya. Ukipata mtu wa kukupenda huko, mlete tumwone, au mimi nimsikie. Na ukikosea, maana utakosea, usiseme ni unyevu wa ziwa.

Najua sasa hivi umekaa kitandani na barua hii, umekunja uso, unatafuta jibu. Najua hata jibu lenyewe. Utasema, "Nikibaki mwaka mmoja kuna ubaya gani, tata?" Nitakujibu kweli, kwa mara ya kwanza katika jambo hili. Ukibaki nitafurahi. Nitafurahi asubuhi nikisikia ufagio wako, nitafurahi jioni ukiniambia nisipepese, na mwakani nitapata sababu nyingine nzuri zaidi, na utabaki tena, na nitafurahi tena. Najijua. Usinipe nafasi hiyo.

Kesho asubuhi nitakuja stendi. Mama yako anasema kuna giza na matope, nibaki nyumbani. Nimekataa. Simama mlangoni mwa basi kidogo kabla ya kupanda, upande wangu wa kulia, mahali penye taa. Kisha panda, mwanangu, uende, wakati bado naweza kukuona ukienda.

Ni mimi, tata.